Maandalizi ya Dharura Nyumbani: Kwa Nini Kaya ya Kihonda Ibadili Hesabu Kila Msimu

Na Afisa Habari wa Halmashauri

Januari 2024, wakati wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuamini kwamba mvua za vuli zimepita na masika bado iko mbali, mvua kubwa ilinyesha na maji yakaingia ndani ya nyumba katika baadhi ya mitaa ya Manispaa ya Morogoro. Mwezi huo kaya nyingi huwa hazijaanza hata kufikiria mafuriko. Mitaro haijazibuliwa, vyeti viko katika droo ya chini ya kabati, na mtungi wa gesi umesimama sakafuni bila kufungwa popote. Ingekuwa Aprili, pengine vitu hivyo vingekuwa mahali pengine.

Tukio hilo linaeleza sababu ya makala haya. Wakazi wa Kihonda si wazembe katika kujiandaa. Tatizo ni kwamba wengi wetu hujiandaa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Machi mvua ya kwanza kubwa inapogonga bati, kisha tunasahau hadi Machi nyingine. Lakini hatari inayoizunguka nyumba hubadilika kila baada ya miezi michache. Kinachohitajika Aprili si kile kinachohitajika Julai, na akiba inayotosha Julai yaweza kuwa bure kabisa ifikapo Oktoba. Hivyo basi, siku nzuri za kukagua maandalizi ya nyumba ni zile tulivu zilizo kati ya msimu na msimu, kabla jambo halijatokea.

Mvua ya mlimani, maji ya tambarare

Kihonda iko upande wa kaskazini wa mji, katika tambarare inayofuata barabara ya Dodoma. Ukisimama hapa na kutazama kusini, safu ya Uluguru imejaa mbele ya macho yako, na vilele vyake vinapita meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wetu uko katika takriban meta 500. Tofauti hiyo ndiyo inayotuletea mvua, mito na maji ya kunywa. Ndiyo pia inayotuletea mafuriko ambayo mara nyingine hayatangulizwi na tone la mvua mlangoni kwetu.

Mawingu yanayotoka upande wa Bahari ya Hindi hupanda yanapokutana na mlima, hupoa, kisha humwaga maji juu ya miteremko. Kwa sababu hiyo mlimani hunyesha zaidi kuliko mjini, na inawezekana kabisa mvua kubwa ikawa inanyesha Uluguru huku Kihonda watu wameanika nguo. Maji hayo hushuka kwa mito na makorongo, na mengi yake hukusanywa na Mto Ngerengere. Mkazi anayetazama anga lililo juu ya paa lake pekee anatazama nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko mlimani. Wingu jeusi lililokaa Uluguru tangu alasiri ni taarifa ya kutosha kwa mzazi kumkataza mtoto kuvuka korongo jioni ile, hata kama ardhi ya uani ni kavu.

Kuna jambo la pili ambalo halifahamiki sana. Mto Ngerengere huingia kwanza katika Bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 na ambalo hadi leo ndilo chanzo kikubwa cha maji yanayosambazwa na MORUWASA. Vuli inapoanza, baada ya miezi mingi ya ukame, kina cha bwawa huwa kimeshuka, na mvua za mwanzo hujaza nafasi iliyo wazi. Ardhi nayo huwa na kiu na hunywa sehemu ya maji. Masika ikishakolea hali huwa kinyume. Bwawa limejaa, udongo umeshiba, na kila kinachoongezeka hakina pa kukaa isipokuwa kuendelea na safari kuelekea chini. Mvua ya kiasi kile kile, saa mbili za kunyesha kwa nguvu, yaweza kupita salama Novemba na kuleta maafa mwishoni mwa Aprili. Kwa hiyo mtu anayesema, “Mbona mvua kama hii tulishaiona na hakikutokea kitu?” anapaswa kuulizwa aliiona mwezi gani. Isitoshe, mito mingine inayoshuka Uluguru, ukiwemo Mto Morogoro unaopita katikati ya mji, haipiti Mindu, na bwawa haliwezi kuipunguzia kasi.

Kuhusu kuvuka maji yaendayo kasi, tahadhari haiwezi kutiliwa chumvi. Maji ya kina cha sentimeta 15 tu, yaani yasiyofika katikati ya muundi, yakiwa na kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimeta 60 yanaweza kuliinua na kulisukuma gari la kawaida. Pikipiki haina nafasi kabisa. Abiria wa bodaboda anayo haki ya kusema “tusubiri”, na dereva asichukulie neno hilo kuwa ni dharau. Maji ya makorongo yetu hupanda upesi, lakini pia hushuka upesi. Mara nyingi subira inayotakiwa ni ya saa chache.

Kusikiliza utabiri uliotolewa kwa ajili yetu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za misimu, na hapa ndipo wakazi wengi wa Morogoro huchanganyikiwa, kwa sababu mkoa wetu umegawanyika. Maeneo ya kaskazini mwa mkoa, ambamo Manispaa yetu imo, huhesabiwa miongoni mwa yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Maeneo ya kusini mwa mkoa hupata msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba hadi Aprili. Msikilizaji wa Kihonda anayesikia redioni “mkoa wa Morogoro” asubiri neno linalofuata, kaskazini au kusini, kabla hajapanga shughuli zake.

Mwelekeo wa msimu hutusaidia kupanga mambo ya miezi. Kwa mambo ya siku, TMA hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikiambatana na rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu. Shauri langu ni kwamba kaya ikubaliane mapema nini kitafanyika kwa kila neno. Likitajwa angalizo, simu zichajiwe na vitu vilivyo sakafuni vinyanyuliwe. Ikitajwa tahadhari, watoto wasipite njia ya korongo kwenda na kurudi shule, na gari au bajaji ihamishwe kutoka bondeni. Ikitajwa tahadhari kubwa, wanaoishi kando ya mto walale kwa ndugu au jirani aliye juu. Makubaliano hayo yakifanywa mezani siku ya jua, usiku wa mvua hakutakuwa na mabishano.

Lakini tusiifanye kalenda kuwa mwamuzi wa mwisho. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na mvua zake hazikukoma Desemba kama tulivyozoea. Januari niliyoitaja mwanzoni ilikuwa sehemu ya mfululizo huo. TMA ilikuwa imetoa mwelekeo wa mvua za juu ya wastani tangu Agosti 2023. Katika mwaka wa namna hiyo, yale tunayoyafanya Februari yanapaswa kufanywa Septemba.

Begi la dharura na kilichomo

Wataalamu wa maafa kote duniani hushauri kila kaya iwe na begi moja linaloweza kubebwa na mtu mmoja akitoka mbio. Kwetu hapa si lazima liwe begi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana hufaa zaidi, kwa kuwa huelea na haipenyezi maji. Ndani yake ziwekwe nyaraka kwanza: vyeti vya kuzaliwa na vya shule, vitambulisho vya Taifa, kadi za bima, kadi za kliniki za watoto, na hati au mkataba wa nyumba, vyote vikiwa katika mfuko wa nailoni. Mwenye simu yenye kamera apige picha za nyaraka hizo na kumtumia ndugu anayeishi mbali. Mtu aliyepoteza godoro anaweza kununua jingine. Aliyepoteza vyeti vya watoto wanne anaanza safari ndefu ya ofisi hadi ofisi.

Kwa mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, pumu au mwenye dawa za kila siku, akiba ya dawa ya wiki moja ni muhimu kuliko chakula. Hata hivyo dawa hizo zisizikwe ndani ya ndoo na kusahauliwa hadi zipitwe na muda. Ziingie na kutoka kwa zamu, mpya zinapoletwa zile za akiba zitumike. Tochi nayo ina tabia yake. Nyumbani kwangu tulikuwa na tochi ya dharura tuliyoitunza kwa uangalifu mkubwa, na siku umeme ulipokatika tukakuta betri zake zimevuja na kuila kwa kutu. Tangu hapo tunatumia taa ya sola, na betri za redio ndogo hukaa nje ya redio, zimefungwa kwenye karatasi.

Ndoo hiyo hiyo hubadilika kwa msimu. Masika inahitaji viatu vya mpira, vyandarua vya ziada, na dawa ya kutibu maji. Kipupwe inahitaji blanketi za watoto na wazee. Miezi ya ukame vitu hivyo vinaweza kutoka, na nafasi yake ichukuliwe na barakoa kwa wenye pumu, maana vumbi la Septemba katika barabara zetu za ndani halimstahi mtu.

Mtungi wa gesi na umeme vinastahili neno la pekee, kwa kuwa ndivyo huleta vifo baada ya maji kupungua. Kabla ya mvua, mtungi ufungwe kwa kamba au mnyororo ukutani, maana mtungi ulioachwa huru huelea na unaweza kung’oa mpira wake. Maji yakianza kuingia, zima swichi kuu ya umeme iwapo tu unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama umekwisha kusimama majini, iache na utoke. Usiwashe tena umeme hadi fundi aliyesajiliwa akague nyaya na soketi zilizolowa.

Baada ya mvua, maji ya kunywa

Mafuriko yanapopita, vyoo vya shimo huwa vimefurika na uchafu wake umechanganyika na visima vifupi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi, wetu ukiwemo, ulitukumbusha jinsi ugonjwa huo unavyosafiri haraka. Shimo lililokaribia kujaa linyonywe kabla ya masika, siyo katikati yake. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatibiwe kwa dawa kama ilivyoelekezwa kwenye pakiti. Mtu akianza kuharisha maji maji mfululizo, apelekwe kituo cha afya mara moja, na njiani apewe maji ya chumvichumvi. Kama pakiti haipo, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari iliyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Miezi ya moto

Kuanzia Juni mawazo ya mafuriko hutoweka, na hatari nyingine huingia kimya kimya. Usiku wa kipupwe baadhi ya kaya huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya aliyelala hata asiweze kuamka kuomba msaada. Jiko libaki nje. Blanketi la ziada lililonunuliwa Mei hugharimu kidogo kuliko hatari hiyo.

Agosti hadi Oktoba majani ni makavu na upepo ni mkali. Huu ndio wakati mioto inayoanzia mashambani hupanda miteremko ya Uluguru, na ndio wakati ambao kuchoma taka uani kunaweza kuishia kwenye paa la jirani. Kaya ijiulize mambo mawili tu. Je, kila mtu anajua pa kutokea iwapo moto uko mlango wa mbele? Na je, nondo za madirisha zimeacha walau dirisha moja linalofunguka kwa ndani? Nyumba nyingi zetu zimejengwa kumzuia mwizi asiingie, zikasahau kwamba ipo siku mwenye nyumba atahitaji kutoka.

Hatuwezi kuzungumzia moto katika mji huu bila kutaja Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, baadhi wakichota petroli iliyomwagika, na moto ukalipuka. Waliofariki walipita 100. Zipo familia ambazo bado zinalibeba jambo hilo, na sitaandika zaidi ya kinachofaa kwa tahadhari: mvuke wa petroli husambaa chini chini mbali na dumu lilipo, na cheche ndogo hutosha kuuwasha. Hiyo ni hoja dhidi ya kuhifadhi petroli ya pikipiki au ya jenereta ndani ya chumba cha kulala, jambo linalofanyika bado katika nyumba za kupanga. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi ya taa.

Ukame una hesabu yake pia. Kina cha Mindu kinaposhuka kabla ya vuli, mgao wa maji si jambo geni. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupikia na usafi. Kaya ya watu watano ni lita 75 kwa siku, na pipa la lita 200 halimalizi siku tatu. Mkibana matumizi hadi nusu ya hapo, mtafika siku tano. Kwa hesabu hiyo kila kaya inaweza kujua inahitaji mapipa mangapi badala ya kukisia. Pipa lifunikwe, maana maji yaliyo wazi ni mazalia ya mbu hata wakati wa kiangazi.

Vuli inaporudi, mara nyingi hutanguliwa na upepo mkali na radi. Septemba ndiyo wakati wa kupanda juu na kugonga misumari ya bati iliyolegea, na kukata matawi makavu ya mti ulioegemea nyumba. Radi ikianza, ondoka chini ya miti na uwanjani, na chomoa vifaa vya umeme.

Nani yuko nyumbani?

Katika kuandaa makala haya nimejiuliza swali ambalo orodha nyingi za maandalizi hazilitaji. Nyumba za Kihonda hazina watu wale wale mwaka mzima. Wengi wetu tunalima nje ya mji, na katika miezi ya kupanda na kupalilia, ambayo ndiyo miezi ya mvua, wenye nguvu huwa shamba. Nyumbani hubaki bibi na wajukuu. Wapangaji wanafunzi huja na kuondoka kwa ratiba za vyuo. Baba aliyefundishwa kuzima swichi kuu yuko mbali, na bibi hajui hata ilipo.

Kwa hiyo maandalizi yafundishwe kwa yule atakayekuwepo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kujua ilipo ndoo ya nyaraka, nyumba ya jirani watakayokimbilia, na namba za bure za kupiga: 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 112 kwa Polisi. Namba hizo ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango, kwa sababu simu ikizima, zilizohifadhiwa ndani yake huzima nayo. Anayeondoka kwenda shamba amkabidhi jirani ufunguo na amweleze nani amebaki.

Kwa mambo yasiyo ya dharura, taarifa ikifika mahali sahihi hushughulikiwa upesi zaidi. Mtaro wa barabara ya mtaa uliobomoka ni kazi ya TARURA. Ule wa barabara kuu ya Dodoma ni wa TANROADS. Bomba lililopasuka ni la MORUWASA, na nguzo iliyoinama ni ya TANESCO. Taka zisizozolewa ni juu yetu Halmashauri, na ninakiri kwamba malalamiko tunayoyapokea kuhusu hilo mara nyingi yana msingi. Pamoja na hayo, mtaro uliosafishwa Februari ukajazwa chupa na mifuko kufikia Machi hauwezi kuhesabiwa kuwa kosa la upande mmoja.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi za juu hadi kwa wananchi wenyewe, lakini kamati haiwezi kumfikia mtu isiyejua yupo. Kaya yenye mzee asiyeweza kutembea, mtu mwenye ulemavu, mjamzito aliyekaribia kujifungua au mgonjwa wa kitandani imtaarifu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa au mtendaji wake kabla ya vuli na tena kabla ya masika. Taja nyumba ilipo, aina ya msaada utakaohitajika, na namba ya simu ya jirani mmoja. Mgonjwa akihama, akipona au akifariki, rudi ukatoe taarifa, ili usiku wa mafuriko waokoaji wasipoteze dakika wakigonga nyumba isiyo na mtu.